Ngiri, papasi na homa iliyoandikwa Kabete

Mara hii tunaandika habari za nguruwe. Msicheke. Tunajua kuna wazee watakaouliza, hawa vijana wa Kibajuni wamekosa la kuandika? Visiwani kwetu, Chovai, Koyama, Chula na Ngumi, mtu anazaliwa na harufu ya samaki puani. Nguruwe hamfugi wala hamli. Lakini ugonjwa tunaotaka kuueleza uliandikwa mara ya kwanza wakati Kismayu na Nairobi zilikuwa chini ya serikali moja, na mdudu anayeuhifadhi alikuwa na jina la Kiswahili zamani sana kabla maabara hazijamtilia maanani. Kwa hiyo ni historia yetu pia.

Tena kuna sababu ya karibu. Mwaka huu nguruwe wa majirani zetu, watu waliotoka Kivu, walikufa mmoja baada ya mwengine ndani ya wiki mbili. Mama mmoja alikuwa nao sita, akabaki na banda. Kwenye bomba la maji maneno yakaanza: ati maradhi yatahamia kwa watoto, ati wale watu wahamishwe mtaa, wengine wakasema hata ndoo zao zisikae foleni moja na zetu. Sisi wa kikundi tukaombwa twende tukaeleze watu. Sasa utaelezaje usichokijua? Tukakaa, tukasoma, tukauliza. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tulimalize lile la bombani. Homa ya nguruwe ya Afrika haimuingii binadamu. Si kwa kumshika mnyama, si kwa kula nyama yake, si kwa maji. Wala haimuingii ng'ombe, mbuzi, ngamia au kuku. Ni ya jamaa ya nguruwe peke yao. Imejulikana kwa zaidi ya miaka 100 na haijawahi kumuuguza mtu. Aliyekuwa na hofu juu ya watoto wake anaweza kulala. Mwenye msiba ni yule mama, ambaye kwa wale sita alikuwa anahesabu ada za shule.

Sasa turudi nyuma.

Walowezi wa Kizungu walipoanza kugawiwa mashamba kwenye nyanda za juu za Kenya, mwanzoni mwa karne ya 20, walileta na nguruwe wa kwao. Nguruwe wale waliachwa watembee, wanachimba mizizi vichakani mchana, jioni wanarudi. Kisha wakaanza kufa. Homa kali, chakula wanakikataa, masikio na ngozi ya tumbo inageuka nyekundu mpaka zambarau, na siku chache baadaye mnyama amelala chini. Si mmoja wawili, ni shamba zima.

Aliyeufuatilia ni Robert Eustace Montgomery, daktari wa mifugo wa serikali ya kikoloni, aliyefanya kazi kwenye maabara ya Kabete, nje kidogo ya Nairobi. Alikusanya habari za milipuko 15 iliyotokea kati ya 1909 na 1915. Hesabu yake inatisha mpaka leo: nguruwe 1,366, waliokufa 1,352. Toeni wenyewe. Waliobaki hai ni 14.

Ulaya na Marekani kulikuwa na ugonjwa mwengine wa nguruwe, dalili zake karibu ni zizo hizo, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba ni ule ule umepanda meli na kushuka Mombasa. Montgomery hakuridhika. Alionyesha kwamba kinga ya ule wa Ulaya haimsaidii kitu nguruwe aliyepatwa na huu wa Kenya. Akachuja damu ya mgonjwa kwa kichujio kinachozuia bakteria, na kile kilichopita bado kiliua. Maana yake ni kwamba muuaji ni mdogo kuliko bakteria, ni kirusi, na ni cha hapa hapa. Andiko lake lilitoka mwaka 1921, na ndiyo asili ya jina la ugonjwa.

Tarehe hiyo iangalieni vizuri. Mwaka 1921 Kismayu ilikuwa makao makuu ya jimbo la Jubaland, na Jubaland ilikuwa sehemu ya Koloni la Kenya. Ile Kenya iliyotajwa kwenye kichwa cha andiko la Montgomery ilifika mpaka Mto Juba. Ni mwaka 1925 tu ndipo Waingereza walipowakabidhi Waitalia jimbo letu, kwa ahadi waliyopeana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mpaka ukavutwa, na watu wa familia moja, huku Kiunga na kule Ras Kamboni, wakawa raia wa serikali mbili bila kuhama nyumba. Hatujui watu wengine ambao mpaka umewapita mara nyingi kama sisi. Mwaka 1991 vita vilipozuka, wazee wetu walipanda mashua na majahazi wakaenda Mombasa, wengi wakawekwa kambi ya Jomvu, na huko wakaulizwa wao ni watu wa wapi hasa. Lakini hiyo tumeiandika kwengine.

Ngiri hakuulizwa. Yeye alibaki pale pale. Barani kwetu, kuanzia nyuma ya Kismayu kushuka kusini mpaka msitu wa Lag Badana, ambao wengine wanauita Bushbush, ngiri wapo. Wa Somalia si sawasawa na yule anayeonekana na watalii kwenye mbuga ya Nairobi. Anaitwa ngiri wa jangwani, na ncha za masikio yake zimepinda kwa nyuma. Vitabu vingi vilimchanganya na mwenzake mpaka miaka ya karibuni, alipotambuliwa kuwa ni aina mbali. Na wazee waliokuwa na mashamba ya barani wanakumbuka kukesha na debe mkononi, wanaligonga ili nguruwe mwitu wasimalize mahindi. Kwa hiyo ukimwambia Mbajuni kwamba hamjui nguruwe, unakosea. Anamjua kama adui wa shamba.

Montgomery aliona kwamba mashamba yaliyopata msiba ni yale ambayo nguruwe walitembea mahali wanapopita ngiri na nguruwe mwitu, na waliofungiwa ndani ya ua madhubuti walisalimika. Tena aliona kwamba wanyama hao wa porini wanaweza kukaa na kirusi mwilini na wasiugue. Basi ngiri akawa mshtakiwa. Ukiwa mfugaji na umepoteza mali yako yote kwa wiki moja, na mtaalamu amekuambia maradhi yako kwa yule anayepita pale, jibu la haraka ni bunduki.

Hapa ndipo pametushughulisha sana, maana sisi wenyewe tunaijua hali ya kuonyeshwa kidole. Penye kipindupindu, wamekileta wakimbizi. Penye surua, wamekuja nayo kutoka Somalia. Anayekaa na jambo na anayelisambaza wanahesabiwa mtu mmoja. Kwa ngiri iligundulika kwamba hawahesabiki hivyo, lakini ilichukua karibu miaka 50.

Kulikuwa na fumbo. Watafiti walipomweka ngiri mzima mwenye kirusi banda moja na nguruwe wa kufugwa, mara nyingi hakuna kilichotokea. Wanakula pamoja, wanalala pamoja, na nguruwe hawaugui. Sasa kama ngiri hampi nguruwe, nani anampa?

Wakati watu wanaliwaza hilo, ugonjwa ukatoka Afrika. Mwaka 1957 ulizuka Ureno, karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon. Wakati huo Angola ilikuwa koloni la Ureno na ndege zilikwenda na kurudi. Inaaminika makombo ya chakula cha ndege yaliyokuwa na nyama ya nguruwe yalipelekwa kulisha nguruwe wa jirani. Kirusi hiki ni kigumu kufa: kinakaa miezi kwenye nyama iliyogandishwa au iliyokaushwa kwa chumvi. Ulizimwa, ukarudi 1960, ukavuka mpaka ukaingia Hispania, na kuung'oa kule kulichukua zaidi ya miaka 30. Semeni mnavyosema, lakini sisi tumeona hivi: kwa miaka mingi maradhi haya yalikuwa tatizo la mashamba ya Afrika, na pesa za utafiti zilikuja kwa nguvu yalipofika Ulaya.

Sehemu kubwa ya utafiti huo ulifanyika Muguga, njia ya kwenda Limuru, kwenye taasisi ya utafiti wa mifugo iliyokuwa ya Afrika Mashariki yote. Hapo, mwaka 1960, William Malmquist na mwenzake Hay walieleza njia ya kukitambua kirusi kwenye chupa. Unaotesha seli nyeupe za nguruwe, unatia damu ya mgonjwa, na kama kirusi kipo, chembe nyekundu zinakuja kujishika kuzunguka seli iliyoambukizwa kama petali za ua. Kabla ya hapo njia ya uhakika ilikuwa kumchoma sindano nguruwe mwengine na kungoja afe. Tunaomba mtusamehe kwa kulitaja jambo la maabara, lakini picha ile ya ua tumeiona kwenye simu na kwa kweli inapendeza, ukisahau inachomaanisha.

Kule Hispania, mwaka 1963, mtafiti Sánchez Botija alikikuta kirusi ndani ya kupe laini waliojificha kwenye nyufa za mabanda ya nguruwe. Basi Walter Plowright, Mwingereza aliyekuwa Muguga, pamoja na wenzake Parker na Peirce, wakaenda Serengeti, Tanzania, kuchimba kwenye mashimo wanayolala ngiri. Wakatoa kupe, wakawapima. Kirusi kilikuwemo. Habari hiyo ilitoka mwaka 1969.

Na kupe huyo ni nani? Ni papasi.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, maana papasi ni wetu. Kila mtu wa pwani na bara mwenye bibi aliyekaa nyumba ya udongo amelisikia jina hilo. Si kama kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania siku nzima. Papasi anakaa kwenye ufa wa ukuta, chini ya mkeka, ndani ya vumbi la sakafu. Usiku anatoka, ananyonya kwa muda mfupi tu, anarudi zake. Asubuhi unaona alama, mwenyewe humuoni. Na anaweza kukaa miaka bila kula. Watu wa misafara ya zamani walijua kwamba ukilala kwenye kibanda cha wasafiri waliopita, utaamka na homa inayokuja, inaondoka, inakuja tena. Kiswahili kikaiita homa ya papasi. Madaktari walikuja kuthibitisha uhusiano huo mwaka 1904 na 1905, Uganda na Kongo. Mmoja wao, Joseph Dutton, alifariki kwa homa hiyo hiyo Februari 1905 huko Kasongo, mji ambao majirani zetu wa mashariki ya Kongo wanaujua vizuri. Homa ya papasi ya watu ni ya bakteria, si hii ya nguruwe, msizichanganye. Lakini mdudu ni wa ukoo mmoja.

Kwa hiyo kazi inakwenda hivi. Ngiri anazalia shimoni. Watoto wake wanakaa humo wiki za mwanzo, na papasi wanawanyonya usiku kucha. Mtoto wa ngiri anaingiwa na kirusi, haugui, lakini kwa wiki mbili au tatu damu yake inakuwa nacho cha kutosha, na papasi wengine wakimnyonya wanakipata. Akikua, kinabaki kimejificha ndani ya tezi zake, kwenye damu hakionekani sana, ndiyo maana akilala na nguruwe banda moja hamwambukizi. Papasi wenyewe hawamhitaji ngiri kila mara. Plowright na wenzake walionyesha kwamba mama papasi anakipitisha kwenye mayai, na dume anampa jike. Shimo linaweza kuachwa tupu na kirusi kikabaki kimekaa ndani, kinangoja. Hatari inakuja papasi mmoja akimdandia ngiri na kuangukia shambani, au nguruwe wa kufugwa akienda kuchimbachimba mahali pasipo pake.

Ngiri, kirusi na papasi wameishi pamoja kwa muda mrefu mno bila kuuana. Aliyeleta nguruwe asiyekijua kirusi, akamwacha atembee juu ya mashimo yao, ni mtu. Aliyebeba nyama kwenye ndege ni mtu. Jambo moja linatushangaza zaidi: Montgomery huyo huyo, mwaka 1917, alikuwa ameshaandika kwamba ugonjwa wa kondoo na mbuzi wa Nairobi unaletwa na kupe. Ugonjwa huo umeonekana hata Somalia ya kaskazini. Kupe alikuwa mezani kwake. Lakini yule wa ngiri amefichwa na shimo, na jambo la shimoni linataka mtu wa kuchimba.

Kwa kuwa tumemtaja Plowright, hatuwezi kumpita bila kusema habari ya sotoka, maana hiyo inagusa kwetu moja kwa moja. Sotoka nayo ni ya kirusi, ya ng'ombe, nyati na wanyama wengine wenye kwato, hata ngiri. Iliingia pembe ya Afrika mwaka 1887, kwa ng'ombe walioletwa na jeshi la Italia Eritrea, ikashuka mpaka kusini ya bara, ikaacha njaa ambayo wafugaji wanaisimulia hadi sasa. Plowright ndiye aliyetengeneza, pale pale Muguga, chanjo iliyofaa kwa kila aina ya ng'ombe. Alianza na kirusi kilichochukuliwa Kabete miaka ya 1910, akakipitisha kwenye seli za chupani mara nyingi mpaka kikapoteza makali. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999.

Na mahali pa mwisho duniani ambapo sotoka ilijificha ni wapi? Ni eneo la Wasomali: kusini mwa Somalia, mashariki mwa Kenya na mashariki mwa Ethiopia. Kule barani nyuma ya Kismayu. Vita vilikuwa vimevunja kila kitu, daktari wa mifugo hawezi kupita kila kizuizi cha barabarani, na kirusi cha aina dhaifu kiliweza kuzunguka kwenye ng'ombe bila kuonekana vizuri, kikiibuka kwa nyati wa Tsavo mwaka 1994, Nairobi 1996, na mara ya mwisho Meru mwaka 2001. Kwa kufuatilia milipuko ile na kupima damu za ng'ombe na nyati, mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imekwisha. Ni ugonjwa wa pili kumalizwa baada ya ndui, ambayo mgonjwa wake wa mwisho wa kawaida naye alipatikana Somalia, mji wa Marka, mwaka 1977. Plowright alikufa Februari 2010, hakulisikia tangazo lile.

Kwenye vita dhidi ya sotoka, sehemu kama Sudan Kusini na Afar kazi kubwa ya kuchanja ilifanywa na wafugaji wenyewe waliofundishwa kwa muda mfupi na kupewa chanjo inayostahimili joto. Hawakuwa na digrii. Tunawaambia nyinyi vijana mnaojitolea kambini na kudharauliwa kwamba ni wa fulana na kofia tu.

Lakini homa ya nguruwe haikwenda njia hiyo, kwa sababu chanjo haikupatikana. Kirusi chake ni kikubwa sana, kina vitu vingi vya kuichezea kinga ya mwili, na njia zilizofaa kwa sotoka zilishindwa. Kwa hiyo kwa miaka mingi dawa ilikuwa moja tu, kuua nguruwe wote wa eneo. Hapo tunawapeleka Haiti, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika sehemu hii isomeni mara mbili.

Mwaka 1978 ugonjwa ulifika kisiwa cha Haiti na Jamhuri ya Dominika. Wakulima wa Haiti walikuwa na nguruwe wao wadogo weusi, wanakula chochote, hawataki banda, wanastahimili jua na njaa. Hakuna benki kijijini, basi nguruwe ndiye benki: ada ya shule, maziko, harusi, mgonjwa. Marekani iliogopa ugonjwa usivuke bahari. Kati ya 1981 na 1983, kwa mpango uliosimamiwa na serikali ya Haiti pamoja na Marekani na nchi nyengine, nguruwe wote waliobaki wakauliwa, mamia ya maelfu. Wengi hawakupata fidia inayolingana, wengine hawakupata kabisa. Kisha wakaletewa nguruwe wapya kutoka Marekani, wakubwa, weupe, wanaotaka maji safi, chakula cha kununua na sakafu ya saruji. Wakulima ambao nyumba zao wenyewe hazina sakafu ya saruji wakawapa jina: wana wa wafalme wenye miguu minne. Ugonjwa uliisha kweli. Umaskini ule haukuisha, na Wahaiti bado wanalizungumza jambo hilo kwa uchungu.

Hatusemi kwamba kuua wanyama ni kosa kila mara. Hispania na Ureno ziliusafisha ugonjwa kwa kuua, kupima damu, kubomoa mabanda yenye papasi na kulipa wafugaji. Kulipa ndilo neno. Uganda, ambako ugonjwa unarudi kila mara, inajulikana kwamba mfugaji akiona nguruwe mmoja amepatwa na homa anawauza wengine haraka kwa bei ya kutupa, na kwa njia hiyo kirusi kinafika wilaya nyengine kabla ya jua kuchwa. Watu wanamwita mjinga. Si mjinga. Anajua akitoa taarifa atapoteza wote na hakuna atakayempa shilingi. Hata hapa kambini yule mama aliogopa kusema mpaka wa nne alipokufa, na ukimuuliza kwa nini, anakuuliza na yeye, ningemwambia nani, na angenipa nini?

Tulichoweza kufanya ni kidogo. Tuliwaeleza wafugaji wasigawane dume la kupandishia, wasitupe mizoga kwenye mkondo wa maji bali waichimbie chini, na makombo ya jikoni yenye nyama yachemshwe nusu saa kabla ya kumpa mnyama, kwa sababu moto kirusi kinaushindwa. Banda livuliwe nyufa. Mtu anayetoka banda la mgonjwa aoshe viatu. Na kule bombani tuliwaambia watu wetu kwa Kiswahili cha kwetu kwamba ndoo haina kosa. Wengine walisikia. Wengine walisema tumelipwa.

Mwaka 2007 kirusi kilitoka Afrika mara nyengine, kutoka upande wa kusini mashariki, kikashukia bandari ya Poti nchini Georgia, inaaminika tena kwa makombo, safari hii ya meli. Kikaingia Urusi, kikaingia Ulaya, na Agosti 2018 kikafika China, ambako kulikuwa na karibu nusu ya nguruwe wote duniani. Kufikia Oktoba 2019 China ilikuwa imepungukiwa takriban asilimia 40 ya nguruwe wake. Hata hospitali ziliingiwa na wasiwasi, kwa sababu dawa ya heparini, inayozuia damu kuganda, inatengenezwa kwa matumbo ya nguruwe na nyingi inatoka China.

Ndipo chanjo ikatafutwa kwa haraka ambayo Afrika haikuiona tangu 1921. Vietnam iliruhusu ya kwanza mwaka 2022, ikaisimamisha muda kwa sababu kuna nguruwe walikufa baada ya kuchanjwa, kisha mwaka 2023 ikaruhusu itumike nchi nzima. Imetengenezwa kwa kirusi cha Georgia kilichoondolewa kipande cha maumbile yake. Lakini kinachouwa nguruwe wa Kenya, Uganda na Kivu kwa kawaida ni cha aina nyengine, inayoitwa ya 9, na kinga ya aina moja haina hakika ya kukinga dhidi ya nyengine. Kwa hiyo wapo watafiti Nairobi, kwenye taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, wanaokata na kuunga maumbile ya aina hiyo ya 9 kutafuta chanjo ya huku kwetu. Taasisi yenyewe iko upande ule ule wa Kabete, si mbali na alipokuwa Montgomery na wale nguruwe wake 14.

Tuna ombi moja kwa wazee na mama zetu mliolelewa barani, Bur Gao, Ras Kamboni na kando za Kismayu. Papasi tumelipata jina lake, linajulikana kote. Ngiri tunamwita ngiri kwa sababu ndiyo Kiswahili cha shule tulichosomea hapa. Nyinyi kwa Kibajuni mlimwita nani? Na mlipokesha na madebe, kuna aliyewahi kuona papasi kwenye shimo lake? Tuandikieni, au mtume sauti, tutaiandika wenyewe.